Bahari Ndani ya Friza: Kujenga Hazina ya Kemikali za Bahari kwa Ajili ya Dawa

Niliombwa nizungumzie dawa zitokazo baharini. Nitazungumza zaidi juu ya friza, daftari na lebo. Msinione nimepotea njia. Nitakapomaliza mtahukumu wenyewe.

Mjini Frederick, jimbo la Maryland, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ina ghala lenye vyumba vya baridi kali. Humo mmehifadhiwa viziduo zaidi ya 230,000. Kiziduo ni ule uji au unga unaobaki baada ya kumloweka mnyama au mmea ndani ya kiyeyushi kama methanoli, kuchuja, kisha kukausha. Ndani yake mna kemikali nyingi zilizochanganyikana. Vingi katika ghala hilo ni vya mimea ya nchi kavu, lakini maelfu kwa maelfu ni vya viumbe wa bahari: sifongo, matumbawe laini, tunikata, konokono, mwani. Mpango huu mpya wa kukusanya ulianza mwaka 1986, na kwa miaka mingi wazamiaji wa Coral Reef Research Foundation, ya visiwa vya Palau, ndio waliokuwa wakiijaza sehemu ya bahari. Mtafiti wa saratani, wa UKIMWI au wa malaria, awe Marekani au kwingineko, anaweza kuomba apelekewe sampuli akazipime kwake.

Wengi wetu tukisikia habari za dawa ya bahari tunawaza mvumbuzi mmoja, mnyama mmoja na dawa moja. Kazi haiendi hivyo. Hakuna ajuaye leo ni mnyama yupi ana kemikali itakayofaa ugonjwa upi. Wanakusanywa wengi, wanahifadhiwa vizuri, na kila maabara inapobuni kipimo kipya, hazina nzima inapitishwa kwenye kipimo hicho. Kiziduo kilichoonekana bure mwaka 1990 chaweza kung’ara leo, kwa sababu kipimo cha leo hakikuwapo wakati ule. Mkusanyo uliotunzwa huzidi kupanda thamani hata pale ambapo hakuna mtu anayeutazama.

Habari za dawa za bahari huanzia kwa Werner Bergmann, mkemia wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1945 alikusanya sifongo katika maji mafupi ya Elliott Key, Florida, nayo leo inaitwa Tectitethya crypta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na mwenzake Robert Feeney walitangaza kwamba ndani yake wamepata kitu kisichotarajiwa. DNA yetu imejengwa kwa sukari iitwayo deoksiribosi, na RNA kwa ribosi. Kemikali hii ya sifongo, waliyoiita spongothimidini, ilifanana kabisa na vipande vya DNA isipokuwa sukari yake ilikuwa arabinosi. Seli inayojigawa upesi, kama ya saratani, ikipewa kemikali ya aina hii huipokea kama tofali lake la kawaida, ikaliweka mahali pake, na ukuta ukakwama hapo hapo. Wakemia walifuata mfano huo, wakatengeneza yao maabara. Saitarabini, iliyoundwa mwaka 1959 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1969, hadi leo ni nguzo ya matibabu ya saratani ya damu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hakuna hata chembe ya sifongo ndani ya chupa yake. Nalisisitiza hilo kwa sababu kuna watu wanaosikia “dawa ya bahari” wakadhani tunataka kuikwangua miamba yote tuitie kwenye vidonge.

Kwa nini sifongo? Itazameni maji ya bamvua yakikupwa, mtaona wenyewe. Haina meno, haina gamba, haina miguu ya kukimbilia. Imebandikwa kwenye jiwe, imezungukwa na samaki wenye njaa, na majirani wanagombania kila upana wa kidole wa mwamba huo. Kinga yake ni kemikali. Tena sifongo huchuja maji mchana na usiku, na mwili wake umejaa bakteria. Kuna aina ambazo bakteria hufikia takribani asilimia 40 ya uzito wake. Nitawarudia bakteria hao, kwa maana wao ndio wanaobadilisha hesabu yote.

Konokono wa koni nao wanajulikana kwa wavuvi wetu. Conus geographus na Conus textile wapo katika miamba ya Afrika Mashariki, na mwenye busara haokoti koni hai akaiweka kiganjani. Baldomero Olivera, Mfilipino, alianza kuchunguza sumu ya jamii hiyo nchini kwake, na kutoka kwa Conus magus ikapatikana zikonotidi, dawa ya maumivu makali sana iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huingizwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo si dawa ya kuuzwa dukani, lakini ni dawa.

Sasa nifike kwenye mzigo wa kazi yenyewe. Kupata kemikali nzuri ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuipata tena, na hapo ndipo wengi wameanguka.

Mwaka 1986 Daisuke Uemura na Yoshimasa Hirata wa Japani walitangaza halikondrini B, waliyoitoa kwenye sifongo nyeusi ya pwani ya Miura, Halichondria okadai. Walitumia kilo 600 za sifongo wakapata miligramu 12.5. Miligramu 12.5 hazionekani vizuri kwenye kijiko cha chai. Baadaye ikaonekana kwamba sifongo nyingine, ya jenasi Lissodendoryx, inayoishi kwenye maji marefu karibu na Kaikoura, Nyuzilandi, nayo inayo. Tani nzima ilivunwa, zikapatikana takribani miligramu 300. Kwa majaribio ya wagonjwa hazitoshi, na sifongo hiyo haikujulikana kuishi kwingine. Aliyeokoa jahazi ni Yoshito Kishi wa Harvard, aliyeiunda molekuli nzima maabara mwaka 1992. Wakati wa kazi hiyo ikagunduliwa kwamba nusu yake tu ndiyo yenye nguvu dhidi ya saratani. Kampuni ya Eisai ikaichukua nusu hiyo, ikairekebisha, na mwaka 2010 eribulini ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Inatengenezwa kwa hatua zaidi ya 60 za kikemia, na haihitaji sifongo hata moja.

Trabektedini ni kisa cha namna hiyo hiyo. Inatoka kwa tunikata wa Karibi anayeota kwenye mizizi ya mikoko, na ilikadiriwa kwamba gramu moja ingehitaji karibu tani moja ya wanyama. Kampuni ya PharmaMar ya Uhispania ilijaribu kuwafuga, kisha ikapata njia bora: kuanza na kemikali inayozalishwa na bakteria wa kawaida, Pseudomonas fluorescens, na kuigeuza maabara. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007.

Kisa cha tatu kinatuhusu sisi wa bahari hii ya Hindi, nami nitakikalia zaidi.

Mwaka 1972 watu wa George Robert Pettit, mkemia wa Arizona, walikusanya huko Morisi konokono laini aitwaye Dolabella auricularia. Ni mnene, mzito, rangi ya matope, na anapoguswa hutoa wino wa zambarau. Anaishi pia katika majani ya bahari ya pwani yetu. Kiziduo chake kilionyesha nguvu dhidi ya saratani ya damu ya panya. Hapo Pettit akaingia katika kazi iliyomchukua miaka 15. Alihitaji zaidi ya tani moja ya wanyama hao, na mwishowe, mwaka 1987, alitangaza muundo wa dolastatini 10 akiwa na miligramu zisizofika 30. Ilikuwa mojawapo ya kemikali kali kuliko zote zilizopata kujulikana kwa kuua seli za saratani. Kali mno, kwa kweli: ilipojaribiwa kwa wagonjwa peke yake haikufaa. Lakini ndugu yake wa maabara, aliyefungwa kwenye kingamwili inayomfikisha kwenye seli ya saratani tu, amekuwa dawa. Brentuksimabu vedotini, iliyoidhinishwa mwaka 2011, inawatibu wagonjwa wa saratani ya Hodgkin, na dawa nyingine kadhaa zimefuata zikitumia silaha ile ile.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakichunguza bakteria wa kijani-buluu wa jenasi Symploca kutoka Palau waliikuta dolastatini 10 ndani ya bakteria hao wenyewe, tena kwa wingi kuliko alivyowahi kuipata Pettit. Konokono hakuwa mtengenezaji. Alikuwa mlaji. Alikula majani yenye bakteria, sumu ikabaki mwilini mwake. Zile tani za konokono zilikuwa njia ndefu ya kukusanya chakula cha konokono.

Wanafunzi, hapa ndipo penye somo langu la leo. Mkusanyaji huandika mahali, kina na tarehe, akaona ametimiza. Nami nauliza: alikuwa amelala juu ya nini? Alikuwa na nini tumboni? Ni mwani gani uliota kando yake? Mambo hayo hayagharimu pesa. Yanagharimu mtu aliyefundishwa kutazama, na mvuvi au mama anayechokoa pweza mwamba ule ule kila bamvua hutazama vizuri kuliko mgeni mwenye shahada tatu. Nikipewa bajeti ndogo ya kuanzisha hazina hapa pwani, mtu wa kwanza nitakayemwajiri ni mmoja wao.

Basi kazi yenyewe inafanywaje? Nitaeleza kama inavyofanyika miambani, kwa sababu vitabu hupenda kuruka sehemu hii.

Kabla ya kumgusa mnyama unampiga picha hapo hapo alipo, chini ya maji. Akishatoka rangi hupotea, na akiingia kwenye spiriti hugeuka kahawia kama wenzake wote. Unampa namba, na namba hiyo ndiyo jina lake hadi kiama: itaandikwa kwenye mfuko, kwenye chupa, kwenye daftari, kwenye kompyuta, na haitatumiwa tena kwa mwingine. Lebo inaandikwa kwa penseli juu ya karatasi isiyolowa, na inaingizwa ndani ya mfuko pamoja na mnyama. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti, na lebo iliyobandikwa nje hudondoka. Unaandika majira ya nukta kutoka kwenye GPS, kina, aina ya sakafu, hali ya maji, majirani. Unaandika pia anavyonuka, kama anateleza, na kama anabadilika rangi anapokatwa, kwani sifongo nyingine hukatwa zikiwa njano zikageuka zambarau mbele ya macho yako.

Kisha unamgawa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinaingia kwenye spiriti kwa ajili ya mtaalamu wa uainishaji. Kipande kidogo zaidi ni cha DNA. Kilichobaki kinakwenda kwenye deli la barafu mara moja, na jioni hiyo hiyo kiingie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kile kipande cha spiriti ndicho roho ya mkusanyo. Kimetokana na mnyama yule yule, na miaka 30 baadaye, jina likibadilika au mtu akibisha, utarudi kwake. Mtaalamu wa sifongo hukata ukanda mwembamba, akaudondoshea jiki ikayeyusha nyama, na vijisindano vya mawe vinavyobaki huvitazama kwa hadubini. Kwa vijisindano hivyo ndipo anapojua ni jamii gani. Wamarekani wa Frederick waliweka utaratibu wa kubakiza kipande kimoja nchini kwao na kingine katika nchi kilikotoka. Ni utaratibu mzuri. Je, vyetu vipo wapi, na nani ana ufunguo wa kabati?

Sampuli yenye lebo isemayo “sifongo nyekundu, Tanzania” na mwaka peke yake ni takataka, hata ikiwa na tiba ya malaria ndani. Hutaweza kuirudia.

Juu ya kiasi: zamani walichukua kilo nzima ya kila aina. Mashine za leo zinaridhika na kidogo, nami naona gramu 200 zinatosha kuanzia, na kama aina hiyo ni adimu uikate kipande na kuiacha iote tena. Sifongo ikikatwa vizuri, shina likabaki kwenye jiwe, huponya. Huko Jambiani akina mama wanalijua hilo kwa mikono yao: kwa miaka mingi sasa wanafuga sifongo za kuogea kwenye kamba, kwa kukata vipande na kuviotesha. Kama siku moja kemikali nzuri itapatikana kwenye sifongo ya hapa, watu wenye ujuzi wa kuizidisha tayari wapo kijijini.

Mnyama akishagandishwa hukaushwa, akasagwa, akalowekwa. Desturi ni kuanza na maji, kisha mchanganyiko wa methanoli na diklorometheni, ambao huvuta kemikali zisizopenda maji. Unakausha, unapima uzito, unaweka kwenye chupa yenye namba ile ile. Nawashauri wenzangu kitu kimoja ambacho hakitajwi katika mikutano: umeme. Mkusanyo wote ukiwa katika friza moja, usiku mmoja wa kukatika umeme bila jenereta unaweza kuharibu kazi ya miaka kumi. Kiziduo kilichokauka sawasawa huvumilia kuliko nyama mbichi. Kwa hiyo kausheni mapema, gaweni mara mbili, na nusu ya pili ikae mji mwingine kabisa.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo hata Frederick walichelewa kulifanya. Kiziduo kizima ni kichafu: kina chumvi, mafuta na kemikali zinazonata kwenye kila kitu na kudanganya vipimo, na roboti za maabara za kisasa zinazodondosha matone madogo kwenye vishimo 384 vya kisahani kimoja hazipendi uji mzito. Mwaka 2018 Taasisi ya Saratani ilianza mpango wa kuvigawa viziduo vyake, kila kimoja katika mafungu saba, kwa lengo la kufikia mafungu 1,000,000, na mwanzoni mwa mwaka 2019 ikatoa 150,000 ya kwanza bila malipo kwa watafiti. Fungu lina kemikali chache, kwa hiyo kipimo kikijibu unajua pa kutafuta. Kwetu sisi tunaoanza leo hili ni jema, kwani tunaweza kugawa tangu siku ya kwanza. Vifaa vyake si ghali kulinganisha na mashine nyingine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wanataka tuanze na mashine kubwa ya sumaku inayoonyesha jinsi atomu za molekuli zilivyoshikana. Ni mashine nzuri, nami nimeitumia maisha yangu yote. Lakini inahitaji heliamu ya kimiminika kila baada ya miezi kadhaa, maisha yake yote, na ikikosa sampuli zenye lebo inakuwa pambo la gharama kubwa. Sampuli kwanza. Mashine hiyo unaweza kuikodi kwa siku katika chuo cha jirani, lakini mwamba wa Chumbe au wa Kisite wa mwaka huu hauwezi kukodiwa mwaka 2050. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya magharibi yakafa. Ambacho hakikuwa kimekusanywa kabla ya hapo, hakuna wa kukirudisha.

Kuhusu kutambua kwamba umepata kitu kilichokwisha kupatikana, nitakuwa mfupi. Kemikali za bahari zilizoelezwa hadi sasa zimepita 30,000, na kila mwaka huongezeka zaidi ya 1,000. Dawa zilizoidhinishwa kutokana nazo hazifiki 30. Ukiwa na uzito kamili wa molekuli unaweza kulinganisha na orodha kama MarinLit, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Canterbury huko Nyuzilandi, au na hazina za wazi za intaneti, ukajua kabla ya kupoteza mwaka mzima.

Nirudi kwa bakteria. Uchunguzi wa miaka 20 iliyopita umeonyesha kwamba kemikali nyingi tulizozihesabu kuwa za sifongo na tunikata hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yao. Jörn Piel na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba bakteria aitwaye Entotheonella ndiye mtengenezaji wa karibu kemikali zote zilizokuwa zikisifiwa katika sifongo Theonella swinhoei. Bakteria wa namna hiyo wengi hawakubali kukua peke yao. Wapo wanaokubali. William Fenical wa California na mwenzake Paul Jensen walichukua matope ya sakafu ya bahari huko Bahama, wakapata jamii mpya waliyoiita Salinispora, inayohitaji maji ya chumvi ili iishi, na mwaka 2003 ikatoa salinosporamidi A, ambayo imefika kwenye majaribio ya wagonjwa. Bakteria akishakua kwenye kisahani, unamgandisha, na ukimtaka tena unamwamsha. Hakuna tani, hakuna kurudi mwambani, hakuna mwamba unaoumia. Ningekuwa naandika mpango wa hazina ya pwani yetu, ningeweka matope ya mikoko ya Rufiji, Lamu na Ghuba ya Chwaka katika ukurasa wa kwanza, na sifongo katika ukurasa wa pili.

Afrika haijalala. Kuna mkusanyo wa pamoja wa kemikali asilia za Afrika unaotunzwa Chuo Kikuu cha Botswana, wenye kemikali halisi zaidi ya 500. Ni za mimea. Kwa upande wa bahari, Chuo Kikuu cha Rhodes cha Afrika Kusini kimechunguza kwa miaka mingi sifongo za Ghuba ya Algoa. Madagaska nayo imetoa Lithoplocamia lithistoides, sifongo ambayo kemikali yake iliipa PharmaMar dawa ya majaribio iitwayo plokabulini. Tazameni ramani: Morisi, Madagaska, Afrika Kusini. Kutoka Ruvuma hadi Kiunga kuna vipande vya makala hapa na pale, na watafiti hodari katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja na katika taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, kule Mombasa, lakini hazina moja yenye namba moja, daftari moja na mlango mmoja, hatuna.

Na mwenye hazina ndiye anayekaa mezani. Hadi mwaka 1992, Mkataba wa Bayoanuwai ulipotiwa saini, viumbe wa porini walihesabiwa kuwa urithi wa kila mtu, yaani wa yule aliyefika kwanza na ndoo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na ambayo Kenya na Tanzania zote ni wanachama, inataka kibali cha nchi kabla ya kuchukua, na mapatano juu ya mgawo wa faida. Mkataba wa mwaka 2023 wa bahari kuu umegusa hata viumbe wa maji yasiyo ya nchi yoyote. Sheria hizo ni njema, ila zinahitaji ushahidi. Wakenya wanakumbuka Ziwa Bogoria. Vijidudu vya maziwa ya magadi vilichukuliwa, vimeng’enya vyake vikaingia kwenye biashara ya sabuni na kufulia jinzi, na Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani mwaka 2004 kwamba halikutoa ruhusa. Mwaka 2007 shirika hilo hilo lilifikia makubaliano na kampuni ya Novozymes juu ya vijidudu, safari hii kwa mkataba na mafunzo. Tofauti kati ya visa hivyo viwili ni karatasi. Nchi ambayo haina sampuli yake yenyewe, namba yake na tarehe yake, itathibitishaje kwamba bakteria fulani alitoka Mida Creek na si Maldivi?

Kuna pia suala la magonjwa. Frederick ni ghala la saratani, na vipimo vya kwanza vilikuwa vya saratani. Anayepima kwake huanza na ugonjwa wa kwake. Manzamini A, iliyotolewa kwenye sifongo ya Okinawa mwaka 1986, ilitafutiwa saratani kwanza, na ni karibu na mwaka 2000 ndipo ilipoonekana kuwa na nguvu kubwa dhidi ya malaria katika panya. Kwetu malaria isingengoja zamu yake. Vimelea visivyosikia vizuri dawa za artemisinini vimekwisha thibitishwa Rwanda na Uganda. Kilifi na Bagamoyo kuna maabara zinazojua kufuga kimelea cha malaria kwenye chupa, na kichocho tunacho Unguja na Pemba bila kukiagiza. Mafungu ya sifongo za Mafia yakipimwa Kilifi, hiyo ni safari ya siku moja.

Namalizia kwa maombi, na yako matatu tu. Kwa wanaotoa vibali, COSTECH, NACOSTI na wenzao wa Zanzibar: wekeni sharti kwamba kila sampuli ya bahari inayovuka mpaka iache kipande chake hapa, chenye namba, picha na mahali ilipotoka, na kipande hicho kikaguliwe kabla ya kibali kinachofuata. Kwa vyuo vyetu: ajirini watu wawili wa kudumu, mtaalamu wa uainishaji wa sifongo na mtunza ghala, kabla ya kununua mashine yoyote yenye sumaku. Kwa nyinyi wanafunzi mnaotafuta mada ya utafiti: bamvua linakuja, mwamba upo, penseli ni shilingi mia chache. Njooni ofisini Jumatatu tuandikishe sampuli ya kwanza.